Mpaka wa Jimbo Mlangoni kwa Mama Mkwe

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Juni, mpima kutoka halmashauri alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya kijiji, akafuta miwani yake iliyojaa ukungu, akauliza kama watu wa kuonyesha mpaka wamefika. Tulikuwa tumefika. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, tumejifunika mashuka na makoti, maana Juni huku juu Newala ni baridi, na ukungu hauinuki mpaka saa tatu.

Mpima alikuja kwa sababu jimbo letu la uchaguzi lilikuwa limegawanywa mawili. Redio ilikuwa imetangaza, na kwa wiki kadhaa watu walikuwa wakibishana nani atagombea ubunge wa jimbo jipya na nani atabaki na la zamani. Katika mabishano hayo sikumsikia hata mmoja akitaja mpaka. Jimbo jipya lilifuata mpaka wa halmashauri, na mpaka wa halmashauri ulifuata mwisho wa kata, na mwisho wa kata ulikuwa pale ambapo mashamba ya kijiji cha mke wangu yanakutana na mashamba ya kijiji jirani. Kwenye ramani ilikuwa ni mstari mmoja. Kwenye ardhi ilikuwa ni mikorosho, mihogo, vijia vya kwenda kisimani, na makaburi. Watu walivuka kwenda kanisani, walivuka kuoa, walivuka kuomba chumvi. Sasa ilibidi ijulikane nani atapiga kura wapi, na kwa hiyo ilibidi mstari ule ushuke chini.

Mimi si mwenyeji wa pale. Ni Mmakua wa Masasi, ninakaa Mkomaindo, ninatengeneza cherehani. Nilimaliza darasa la saba, na mengine niliyonayo niliyapata kwenye vitabu vilivyotumika nilivyonunua sokoni kimoja kimoja, pamoja na atlasi moja isiyo na jalada ambayo bado ninayo. Kila mwaka mwezi wa Juni ninafunga kibanda changu siku kumi, ninapanda Newala kusaidia kupuliza salfa kwenye mikorosho ya ukweni. Ndiyo maana nilikuwepo. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni Mmakonde na kwa hiyo mtani wangu, alipoona nimekaa na kalamu mfukoni akanikabidhi kamba ya kupimia.

"Mmakua, beba wewe," akasema. "Nchi si yako, hutakuwa na sababu ya kuivuta."

Nilimjibu kwamba nina sababu ya kuibeba, kwani Mmakonde akipewa kamba ataenda kufungia mbuzi. Wazee wakacheka, mpima akacheka pia, tukaanza kutembea.

Tulikuwa wanane: wazee watatu wa kila kijiji, mpima, na mimi. Mpima alikuwa na kifaa cha setilaiti kinacholingana na simu nene. Kila tulipofika kwenye shamba alisimama, akauliza shamba hili ni la nani, na huyo mtu ni wa kijiji gani. Wazee walijibu. Kama shamba ni la mtu wa kijiji chetu, mstari ulipita upande wa pili. Kama ni la mtu wa kijiji jirani, mstari ulipita upande wetu. Ilikuwa njia nzuri na ya haki, na katika mashamba mengi haikuleta tatizo lolote.

Kabla sijasema tulipofika kwa mama mkwe, lazima nimtaje shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwa muuguzi upande wa Ndanda kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kukaa na mama yake. Wanakaa wawili katika nyumba iliyo ndani ya shamba la mikorosho. Tangu arudi alikuwa akisema jambo moja: zahanati ya kata haina maji, na kila mama anayekwenda kujifungua anakuja na ndoo yake. Alilisema kwa mtendaji, alilisema kwenye mkutano wa kijiji, alilisema kwa diwani, na diwani alimjibu kwamba anayejua sana agombee. Mwezi Aprili aliniambia kwamba atagombea. Hakuniuliza naonaje. Aliniomba nimsomee masharti ya mgombea, maana miwani yake ilikuwa imevunjika, na mimi nikamsomea polepole mpaka mwisho. Sharti moja lilikuwa kwamba mgombea wa udiwani awe mkazi wa kawaida wa eneo la halmashauri anamogombea. Hatukulitilia maanani. Alikuwa amezaliwa pale.

Saa nne hivi tulifika shambani kwao. Mama mkwe na shemeji walikuwa wametuandalia mihogo ya kuchemsha na karanga na chai ya rangi. Tukala. Mpima akafuta mikono, akauliza kama alivyouliza kote: shamba hili ni la nani?

Wazee wa vijiji vyote viwili walijibu kwa pamoja kwamba ni la marehemu, wakamtaja baba mkwe.

Na marehemu ni wa kijiji gani?

Cha jirani, wakasema. Ilikuwa kweli.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kudhani wazee walikuwa wanadanganya. Kwa Wamakonde, kama kwetu Wamakua, mwanaume akioa anakwenda kukaa kwao mke. Ardhi ni ya ukoo wa mke, inatoka kwa mama na bibi. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Baba mkwe alitoka kijiji jirani akiwa kijana, akaoa, akapewa sehemu ya ardhi ya ukoo wa mke wake, akapanda mikorosho ile mmoja mmoja. Ukimuuliza mtu yeyote pale shamba la korosho ni la nani, atakutajia aliyepanda, hata kama amekufa miaka kumi iliyopita. Hakuna anayetaja ardhi. Ardhi inajulikana. Kuitaja mbele ya mjane, na mbele ya wazee wa kwao marehemu, ni kama kusema kwamba mumewe alikuwa mgeni tu na miti yake imekaa kwa hisani. Hakuna mtu mwenye adabu ambaye angesema hivyo.

Mpima, ambaye alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, alimgeukia mama mkwe amhakikishie. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Nilimwona. Hata mimi, niliyekuwa nimeshika kamba, niliona jibu limekamilika, na nadhani shemeji aliyekuwa akikusanya vikombe aliona vilevile. Mpima akabonyeza kifaa chake upande huu wa shamba, kwenye njia inayopita mbele ya nyumba. Tukaendelea, na saa nane mchana kazi ilikuwa imekwisha.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji mwishoni mwa mwezi. Mimi nilikuwa nimesharudi Masasi. Shemeji alinipigia simu, sauti yake ya kawaida, akaniuliza kama naweza kupanda Jumamosi. Nilipopanda alinipeleka moja kwa moja kwenye ubao. Mpaka wa jimbo, ambao ni mpaka wa halmashauri, ulikuwa umeandikwa kwamba unafuata njia ya miguu hadi kona ya shamba la korosho la marehemu fulani, na shamba hilo likawa ng'ambo. Nyumba iko ndani ya shamba. Mlango wa mbele unafungukia njiani. Shemeji alikuwa amelala jimbo la jirani na halmashauri ya jirani kwa wiki nzima bila kujua.

Alicheka kidogo, halafu hakucheka tena. Fomu za uteuzi zilikuwa zinachukuliwa Agosti.

Jumatatu tulikwenda mjini Newala kumwona mpima. Nimekutana na maofisa wengi katika maisha yangu, na yule alikuwa mmoja wa wastaarabu. Alitukaribisha viti, akafungua kompyuta yake, akatuonyesha mstari. Shemeji akamweleza habari ya miti na ardhi. Mpima alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama, mimi niliuliza mara mbili," akasema. "Na bibi mwenyewe alikubali."

"Alikubali miti," shemeji akasema.

"Kwetu Sengerema mwenye shamba ndiye mwenye miti."

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu aliyegundua kwamba amekaa miaka minne mahali bila kujua jambo ambalo kila mtu analijua. Akatueleza kwamba mipaka imeshatangazwa, kwamba haiwezi kuguswa kabla ya uchaguzi, na kwamba baada ya uchaguzi kijiji kinaweza kuomba marekebisho naye atakuwa wa kwanza kuunga mkono. Alitusindikiza mpaka nje.

Mwalimu mmoja mstaafu alishauri tuende mahakamani, akatupa namba ya wakili Mtwara. Nilimpigia mimi. Gharama yake, pamoja na nauli zetu za kwenda na kurudi mara tatu kama alivyosema itahitajika, ilifika shilingi laki saba na nusu. Shemeji alikuwa nazo. Zilikuwa fedha za korosho za msimu uliopita, alizoziweka kwa ajili ya tangi la kuvuna maji ya mvua. Alisema atazitoa. Sikumzuia, lakini nilimwambia nilichokisoma: kesi za aina hiyo hazina uhakika wa kuisha kabla ya Agosti.

Jioni ile tulikaa kwao kuzungumza. Mwenyekiti alikuja, na mke wangu alikuwa amepanda kutoka Masasi. Mimi na mama mkwe hatuzungumzi ana kwa ana. Ni desturi, na ingawa siku hizi wengi wameiacha, sisi hatukuiacha. Yeye hukaa jikoni, mlango ukiwa wazi, mimi hukaa barazani nikiwa nimegeukia uwanja, na tukiwa na la kuambiana linapita kwa mke wangu au kwa shemeji. Tumeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini bila ugomvi wowote, na nimeona wakwe wanaosalimiana kwa kukumbatiana ambao hawawezi kusema hivyo.

Mwenyekiti alikuwa anataka twende kwa mkuu wa wilaya. Mke wangu alikuwa anataka dada yake ahamie kwetu Mkomaindo na kuyaacha mambo haya. Shemeji alikuwa anachambua kunde. Nilikuwa naeleza hatua za kukata rufaa, ya kwanza na ya pili, ndipo sauti ikatoka jikoni. Iliniita mimi, kwa jina la mwanangu wa kwanza, Baba fulani, moja kwa moja, bila kupita kwa mtu.

"Baba, hiyo ya kwanza na ya pili iache," mama mkwe akasema. "Ng'ambo ya njia, kwenye muhogo, pale ni kwa mama yangu. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa pale. Hata huyo wenu wa miwani hakupauliza, maana hapana mti. Mjengeeni pale."

Nilijibu, "Ndiyo, mama," nikiwa nimeuangalia uwanja.

Mke wangu akauliza, je, mama naye atahamia huko? Mama mkwe akasema hapana. Marehemu amezikwa nyuma ya nyumba, na miti ni yake, na nani atawafukuza nyani. Yeye atabaki jimbo la huko. Shemeji akaacha kunde. Tangu arudi kutoka Ndanda hakuwahi kulala mbali na mama yake, na mama alikuwa na shinikizo la damu lililohitaji dawa kila jioni.

"Mama, na nani ataniangalia wewe?" akauliza. Alikuwa na maana ya kwamba nani atamwangalia mama, lakini maneno yalimtoka hivyo, na hakuna aliyemsahihisha.

"Njia ni hii hapa," mama akasema. "Nikikohoa utasikia."

Nilipima asubuhi yake. Kutoka mlango wa mama hadi mahali penyewe ni mita hamsini na nne.

Tulijenga wiki ya tatu ya Julai. Kwao mtu akijenga, anaita majirani, anawapikia, na kazi inakwenda haraka mno. Wanaume walikata fito na nguzo bondeni, wanawake walibeba maji na kukanyaga udongo. Walikuja hata watu wa kijiji jirani, wajukuu wa ndugu za marehemu, kwa sababu waliona aibu kwamba miti ya babu yao imemtoa mtu nyumbani. Mwenyekiti alikaa juu ya paa siku nzima akinitukana. Kila nilipoweka bomba la maji la kusawazishia kwenye kuta, alitangaza kwa uwanja mzima kwamba Mmakua amekuja kupima matope. Nilimwambia ashuke aone kwamba upande wake umeinama vidole vitatu. Akashuka, akatazama, akapanda tena, akaongeza kipande cha mti.

Siku ya pili alifika kijana mwenye duka la pembejeo pale barabarani. Ni mtoto wa binamu ya shemeji, anamwita mama mkubwa, na alikuwa ametangaza kugombea udiwani kwa chama kingine. Alishusha kilo nne za misumari kutoka kwenye pikipiki yake, akasaidia kubandika bati mpaka jioni, akala, akaaga.

Shemeji alihamia Jumapili baada ya ibada. Alihamisha kitanda, sanduku, redio, na kuku sita. Kuku watatu walirudi kwa mama siku hiyohiyo, na akaamua kuwaacha. Jioni alivuka njia kumpa mama dawa, akapika huko, akala huko, akavuka kurudi kulala. Mke wangu alitaka kujua kama hiyo itahesabika kuwa ni kuhama. Nilimwambia sheria inasema ukazi, haisemi ugali.

Uteuzi ulipofika Agosti, jina lake lilipita. Siku iliyofuata pingamizi likabandikwa. Lilikuwa la yule kijana wa misumari. Alidai kwamba mgombea ni mkazi wa halmashauri nyingine na kwamba nyumba ng'ambo ya njia ni ya maonyesho.

Shemeji alikwenda dukani kwake. Nilikwenda naye. Kijana alimsalimia, shikamoo mama mkubwa, akaitikiwa marahaba, akatoa kiti. Shemeji akamuuliza inakuwaje mtu anapigilia misumari nyumba halafu anasema si nyumba.

"Misumari nilimletea mama yangu mkubwa," kijana akasema. "Pingamizi nimemwekea mgombea. Wewe ungekuwa mimi usingeweka?"

Shemeji alifikiri, akakubali kwamba angeweka. Akanunua betri za redio, tukatoka.

Msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata alitakiwa kutoa uamuzi kabla ya saa kumi jioni kesho yake. Aliamua kuja kujionea mwenyewe. Alifika saa mbili asubuhi, na yule kijana akiwa nyuma yake. Nadhani hawakutarajia kumkuta shemeji pale, lakini alikuwepo, amevaa kanga, anamenya mihogo mlangoni. Msimamizi aliingia ndani akatazama kitanda, neti, mtungi wa maji, kalenda ya kanisa ukutani. Akatoka. Akaniuliza mimi ni nani, nikasema ni shemeji yake wa Masasi, na kwamba lililo langu pale ni kuta tu.

Ndipo akavuka njia, akamsalimia mama mkwe kwa heshima yote, akamuuliza: binti yako anaishi wapi?

Sote tulikuwa tunasikia. Nilijua kwamba mara ya mwisho mama huyu kuulizwa swali na mtu wa serikali, aliitikia kwa kichwa tukapoteza nyumba. Safari hii alisimama, akajifunga kanga vizuri, akanyoosha mkono.

"Anaishi kule, kwenye ardhi ya mama yangu," akasema. "Mimi naishi hapa kwenye miti ya mume wangu. Yeye ni wa jimbo lenu. Mimi si wa kwenu, na kura yangu hamtaipata. Mwanangu mwenyewe sitampigia."

Msimamizi aliinamisha kichwa. Kijana wa duka alitazama chini, akamwambia bibi pole, na bibi akamjibu kwamba asante kwa misumari.

Shemeji alikuwa ameacha kumenya. Nadhani ndipo alipoelewa, kama nilivyoelewa mimi, kwamba mama yake alikuwa amelijua hilo tangu ile jioni ya jikoni: kwamba siku ya kura kila mtu katika kijiji ataweza kumchagua binti yake isipokuwa yeye. Alivuka njia, akakaa kwenye kizingiti karibu na miguu ya mama yake.

Saa tisa na nusu uamuzi ulibandikwa. Pingamizi limekataliwa. Mgombea ni mkazi wa kawaida.

Usiku ule nilirudi Masasi na lori la simenti, na asubuhi kabla ya kufungua kibanda nilifunga hesabu kama shemeji alivyoniomba. Nguzo na fito, bure. Udongo, bure. Misumari, bure. Bati, milango, chakula cha wajenzi wa siku zote, na nauli zangu, shilingi laki mbili elfu themanini na tatu na mia tano. Wakili wa Mtwara hakulipwa kitu. Kwenye fedha za tangi zilibaki shilingi laki nne elfu sitini na sita na mia tano.